Hitilafu hukaa mpakani: kusimamia programu katika kampuni kubwa, Lubumbashi

Watu wakisikia kwamba nasimamia wahandisi wa programu katika kampuni ya madini, wanadhani nashinda mbele ya kompyuta nikiandika msimbo. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi naandika kidogo mno, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ya miguu: kutoka uhasibu kwenda ghalani, kutoka ghalani kwenda utumishi, halafu kwenye gari hadi mgodini. Migodi iko upande wa Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka hapa Lubumbashi, Kongo. Karakana iko Likasi, njiani. Uhasibu, utumishi na ghala kuu viko Lubumbashi. Wakubwa wako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na wenye mali wako mbali zaidi, kwenye nchi ninazozijua kwa simu za video tu.

Kila mahali pana programu yake. Iko ya mizani ya malori, iko ya mishahara, ya ghala, ya ununuzi, ya hospitali ya wafanyakazi. Nyingine tuliziandika wenyewe, nyingine zilinunuliwa, na mbili tatu zilirithiwa kutoka kwa watu waliokwisha kuondoka bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Ukiniuliza ni ipi inayonisumbua zaidi, sitakutajia hata moja. Hitilafu iliyo ndani ya programu moja haininyimi usingizi. Mpe mhandisi mwenye akili siku yake, ataipata. Inayokula pesa ni ile iliyokaa katikati ya programu mbili. Na ukichimba kidogo utakuta kwamba katikati ya programu hizo mbili kuna idara mbili ambazo hazisemezani.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, alichapisha makala akieleza kuwa shirika linalobuni mfumo huishia kutoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya shirika lenyewe. Wahandisi wengi wanaijua kanuni hiyo kwa jina lake na wanaitaja kama mzaha. Mimi naichukua kama ramani. Nikitaka kujua programu zetu zitavunjikia wapi mwaka huu, natazama ni wakuu gani wa idara wanaandikiana barua badala ya kupigiana simu.

Nitaanza na mizani. Lori la shaba likitoka mgodini hupanda juu ya mizani, karani anasoma uzito, anauingiza kwenye kompyuta, dereva anapewa karatasi yake, geti linafunguliwa. Kila mwisho wa mwezi hesabu za tani zilikuwa hazilingani: mgodi una zake, Kinshasa ina zake. Tofauti ilikuwa ya malori machache tu. Mwezi mmoja Kinshasa inazidi, mwezi mwingine inapungua, na ukijumlisha mwaka mzima pande mbili zinakaribia kulingana. Kwa sababu hiyo kila mkaguzi aliyepita aliandika neno lile lile: uzembe wa makarani. Makarani walikuwa wanakatwa posho kwa neno hilo.

Nikaenda kukaa mizani usiku wa mwisho wa mwezi. Kibanda ni cha mabati na matofali, vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kibodi. Karani aliyekuwa zamu, mzee tunayemwita Papa kwa heshima, ameshika kazi hiyo tangu enzi za mizani ya mshale. Mezani ana daftari la jalada gumu lililovikwa plastiki, na kalamu imefungwa kwa uzi ili madereva wasiende nayo. Lori likipanda, anaandika kwanza daftarini: namba ya gari, uzito likiwa na mzigo, uzito likiwa tupu, tofauti, na saa kutoka kwenye saa yake ya mkono. Kompyuta inafuata baadaye. Ilipogonga saa sita na dakika kama ishirini usiku, lori likapita, akaandika tarehe mosi. Halafu akanigeuzia kioo cha kompyuta bila kusema kitu. Karatasi iliyotoka ilikuwa na tarehe ya mwisho wa mwezi uliopita, saa tano na ushei usiku.

“Mama, mashini inaandika jana,” akasema. “Miye nafuata daftari.”

Kila mtoto wa shule hapa anajua kwamba Kongo ina kanda mbili za saa, na kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tunaishi nalo, ukimpigia mtu wa Kinshasa asubuhi unahesabu kwanza. Lakini programu ya mizani ilikuwa inachukua saa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, na seva iko Kinshasa. Malori ya saa ya kwanza ya kila mwezi yalihesabiwa kwenye mwezi uliokwisha. Waliotengeneza seva hawakukosea, saa yao ni ya kwao. Waliotengeneza fomu ya mizani hawakukosea pia, wao waliomba tarehe na tarehe ikaja. Papa wa mizani alikuwa analijua jambo hili kwa miaka, alikwisha kulisema kwa msimamizi wa zamu, na msimamizi wa zamu hana njia ya kulifikisha Kinshasa isipokuwa kupitia kwa watu wanne, kila mmoja akiwa na sababu ya kulikalia.

Upande wa msimbo, dawa ilikuwa ya alasiri moja. Tunahifadhi wakati kwa saa ya kimataifa, ile ya UTC, pamoja na alama ya kituo, kisha kila mtu anaonyeshwa tarehe ya mahali lori liliposimama. Lakini nani alisema iwe ya mahali lori liliposimama? Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Uzalishaji walitaka siku ya mgodi. Uhasibu wa Kinshasa walitaka siku ya Kinshasa kwa sababu ripoti zao kwa wenye mali zinafungwa kwa saa hiyo. Watu wa usafirishaji walitaka tarehe ya karatasi, maana ndiyo inayoonyeshwa kwenye vizuizi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kumweka mhandisi wa miaka ishirini na mitano achague kati ya wakurugenzi watatu ni kumwonea. Atachagua anayempigia kelele zaidi, na kesho yake atabadilisha.

Tangu hapo nina daftari langu pia, la maamuzi. Kila jambo linalovuka idara lina ukurasa wake: tumeamua nini, lini, nani ameamua, nani alipinga na kwa hoja gani. Watu wengi huandika uamuzi wakaacha hoja za aliyepinga. Mimi naona hizo ndizo zenye faida kuliko zote, kwa sababu mambo yakibadilika baada ya miaka miwili, mara nyingi aliyepinga ndiye aliyeiona mapema hali mpya. Na jina la aliyeamua liwe la mtu mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na “kamati imeamua” maana yake hakuna wa kumpigia simu.

Mizani hiyo hiyo ilitufundisha jingine. Umeme ukikatika, na huku delestaji, yaani umeme wa mgao, ni jambo la kawaida kama mvua ya Januari, jenereta inawaka lakini mtandao unachelewa kurudi. Karani anabonyeza “tuma”, haoni jibu, anabonyeza tena. Mtandao ukirudi, lori moja linaonekana Kinshasa mara mbili, wakati mwingine tatu. Watu wa mtandao wakasema programu ni mbovu. Watu wa programu wakasema mtandao ni mbovu. Kila upande ulikuwa na mkuu wake, bajeti yake na ripoti yake ya mwezi, na kwenye ripoti hizo kila upande ulikuwa umefaulu vizuri sana.

Nilichofanya ni kuomba mtu mmoja kutoka kila upande, nikawaweka chumba kimoja, nikawapa lengo moja ambalo hakuna kati yao angeweza kulifikia peke yake: lori lihesabiwe mara moja tu, umeme uwepo usiwepo. Ndani ya muda mfupi wakaja na jibu ambalo watu wa malipo ya simu wanalitumia kila siku. Namba ya kila upimaji inatolewa palepale mizani, kabla ya kutumwa. Upande wa pili unaipokea mara ya kwanza, na ikija tena yenye namba ile ile unajibu “ninayo” bila kuandika kitu. Karani abonyeze hata mara kumi. Na wakati mtandao haupo, data inakaa kwenye foleni ndani ya kompyuta ya kibanda hadi njia ifunguke. Ujuzi huo ulikuwepo kichwani mwa wote wawili muda wote. Kilichokosekana ni sababu ya kukaa pamoja, na sababu hiyo hawezi kuitoa mhandisi, anaitoa anayepanga malengo ya mwaka.

Jambo la lugha watu hulidharau. Mikutano yetu rasmi ni ya Kifaransa, hati za wauzaji ni za Kiingereza, na malalamiko ni ya Kiswahili. Ukimwita karani wa mizani kwenye ukumbi wenye meza ndefu, wakurugenzi wakaanza kwa Kifaransa cha ofisi, atasema “hakuna shida, chefu” na kuinamisha kichwa. Mkutano ukiisha, atamkamata mtu kwenye veranda na kumweleza kila kitu kwa dakika tano, kwa Kiswahili, kwa mpangilio, na kwa mifano ya tarehe. Kwa hiyo kwenye mikutano ya hitilafu nimeweka utaratibu: anayetoka mgodini ndiye anayeanza kusema, na anasema kwa Kiswahili. Muhtasari utaandikwa kwa Kifaransa baadaye, hilo halina taabu. Mkurugenzi mmoja aliyekulia Kinshasa alinung’unika kwamba Kiswahili chake si kizuri. Sasa anafuata bila shida, na juzi nimemsikia akibishana na dereva kwa Kiswahili cha mtaani kabisa, cha Katuba hapa Lubumbashi.

Halafu iko ile barua. Kila mfanyakazi wa ofisi nchini Kongo anaijua: barua ya kudai maelezo, yenye mhuri, unapewa muda mfupi kujibu kwa maandishi kwa nini jambo fulani limetokea, na jibu lako linawekwa kwenye faili lako. Mfumo wa mishahara ukianguka, barua hiyo ilikuwa inaandikwa kabla hata mfumo haujasimama tena. Ikiwa ndivyo, msitegemee kujua ukweli. Mhandisi anayejua kuwa barua inakuja hatasema “niliona dalili tangu jana mchana”. Atasema “nilifuata maagizo”. Na ataanza kufuta kumbukumbu za seva, si kwa ubaya, kwa woga tu.

Nilikwenda utumishi na kuomba jambo dogo. Sikuomba barua ifutwe, kwa kuwa katika shirika kubwa ukiomba jambo lililoko kwenye kanuni za kazi lifutwe utasubiri mpaka ustaafu. Niliomba kwamba kwa hitilafu za mifumo, kikao cha kueleza yaliyotokea kitangulie, na yatakayosemwa humo yasitumike kuandika barua, isipokuwa kama mtu ameiba au ameharibu kwa makusudi. Walikubali kwa majaribio, na majaribio hayo hayajaisha hadi leo. Kwenye vikao hivyo hatuulizi nani. Tunaandika mstari wa wakati: saa fulani hiki kilionekana, saa fulani kile kikafanywa, aliyekifanya alikuwa anaona nini kwenye kioo chake wakati huo. Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mambo. Mara nyingi unakuta mtu yeyote angefanya vilevile kwa alichokuwa anakiona.

Nawaambia vijana habari ya Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, ili wajue kwamba hili si tatizo la nchi maskini. Tarehe 1 Agosti 2012, programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ikabaki na msimbo wa zamani ambao haukutakiwa kuamka tena, nao ukaamka. Katika muda wa kama dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Mtu anayesoma haraka atasema fundi alisahau seva moja. Lakini fundi yeyote atasahau seva moja siku moja. Ninachotaka vijana wakione ni kwamba hapakuwa na mtu wa pili aliyepangiwa kuhakiki, na msimbo uliokufa uliachwa miaka mingi ukiwa bado umeunganishwa na nyaya.

Sisi tumeweka mambo ya kawaida kabisa. Toleo jipya haliwekwi na mtu mmoja, hata kama ni mdogo wa mfalme. Haliwekwi siku ya mishahara, wala siku mbili kabla yake, wala Ijumaa jioni. Linaanza kwenye kituo kimoja, tunalitazama, ndipo linaenda kwingine. Na kabla ya kuliweka, mtu anaonyesha kwa vitendo, si kwa maneno, jinsi ya kurudi kwenye la zamani. Kanuni ya siku ya mishahara ndiyo niliyoipigania kuliko zote. Wakubwa waliona ni uvivu. Wao hawajawahi kusimama nje ya ofisi ya malipo wakati watu mia kadhaa wanaambiwa warudi kesho.

Kuongeza watu ni ugonjwa mwingine wa mashirika makubwa. Mradi ukichelewa, mkubwa anaona fahari kutuma nguvu. Sisi tulikuwa na mradi wa mishahara uliochelewa, tukiwa sita. Kinshasa ikatuletea wakandarasi wanane, wavaa suti, wenye kompyuta mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyoambiwa. Hesabu yenyewe ni rahisi: watu sita wana njia 15 za kusemezana wawili wawili, watu kumi na wanne wana njia 91. Wale sita waliokuwa wanaijua kazi wakaacha kuifanya ili waieleze. Namna ya kukokotoa posho ya zamu ya usiku ilielezwa upya kila mgeni alipofika kwenye sehemu hiyo. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960, alikwisha kuliona na kuliandika mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Niliipeleka kauli hiyo Kinshasa, nikajibiwa kwamba Brooks hakuwa na bajeti yetu. Sijui kama ulikuwa utani.

Kilichotusaidia ni kupunguza kazi. Tuligawanya mishahara katika makundi, tukaanza na wafanyakazi wa ofisini, ambao hawana zamu wala posho ya chini ya ardhi, tukawalipa kwa mfumo mpya huku wengine wakibaki kwenye wa zamani. Wakandarasi wawili kati ya wanane, waliokuwa wazuri kweli, tuliwabakiza na kuwapa kipande chao chenye mipaka, cha kutuma faili kwa benki. Wengine tuliwaaga kwa heshima. Ilinigharimu maelezo mengi, maana katika shirika kubwa kurudisha watu kunaonekana kama kushindwa, wakati kuwapokea hakuhitaji maelezo.

Kuhusu vipimo sina mengi. Aliyewahi kupima wahandisi kwa idadi ya mistari ya msimbo atapata mistari. Idara moja hapa ilipimwa kwa idadi ya tiketi zilizofungwa, yaani maombi ya msaada yaliyokamilishwa. Ombi moja la kubadilisha nywila likawa tiketi tatu. Mimi napeleka juu mambo mawili tu kila mwezi: tangu mabadiliko yakubaliwe hadi yamfikie mtumiaji imechukua muda gani, na mfumo ukianguka umechukua muda gani kusimama. Wakiniomba la tatu nawauliza watalifanyia nini.

Vijana wetu wengi tunawapata hapahapa, kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kutoka shule ya informatika ya Salama. Ni wazuri, na wanaondoka. Benki inawachukua, kampuni za simu zinawachukua, wengine wanavuka kwenda Zambia na Afrika Kusini. Sijawahi kumzuia mtu kwa maneno matamu. Ninachoangalia ni kwamba hakuna programu inayojulikana na mtu mmoja. Kila mfumo una wawili, na kila baada ya muda wanabadilishana hata kama kazi itapungua kasi. Meneja wa miradi hulalamika kwamba tunapoteza wiki. Mtu wa pekee akiondoka tunapoteza mwaka, na hiyo haiandikwi kwenye ripoti ya mradi wowote.

Mwaka 2015 mikoa ya Kongo ilitoka 11 ikawa 26. Katanga yetu ikagawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa raia ilikuwa siasa. Kwetu ilikuwa safu moja kwenye hifadhidata iliyoandikwa “Katanga” mahali pengi kuliko tulivyodhani. Ununuzi walikuwa na orodha yao ya mikoa, utumishi yao, watu wa kodi yao, na hospitali walikuwa wanaandika kwa mkono. Kuna aliyependekeza kubadilisha yote kwa amri moja: kila Kolwezi iwe Lualaba. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo, maana ankara ya 2012 ililipiwa ushuru mkoa wa Katanga na karatasi zake zinasema hivyo. Mkaguzi akija, kompyuta itasema Lualaba na karatasi itasema Katanga. Tukaweka tarehe: kituo kilikuwa mkoa gani kuanzia lini hadi lini. Orodha ikawa moja, na mwenye orodha akawa idara ya sheria, si sisi. Walishangaa kupewa jedwali. Lakini wao ndio wanaosoma gazeti la serikali, mimi sisomi.

Majina nayo. Sera ya uasilia ya Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipiga marufuku majina ya ubatizo na kuleta post-nom, jina la asili linalofuata jina la kwanza. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, na sasa Mkongomani anaandikwa kwa majina matatu: jina, post-nom, na jina la ubatizo. Programu ya utumishi iliyonunuliwa nje ilikuwa na nafasi mbili. Karani mmoja alibandika post-nom kwenye jina, mwingine akaliweka kwenye jina la ubatizo, wa tatu aliliacha. Matokeo yake mtu mmoja alikuwa watu wawili. Benki inarudisha mshahara kwa sababu jina halifanani na la akaunti; hospitali ya kampuni inamwambia mama aliyeleta mtoto kwamba mume wake hayumo. Nilimshuhudia mama huyo akiwa ameshika kadi ya mumewe, karani akitafuta kwa jina la kwanza, la pili, kisha akigeuza mpangilio mpaka likapatikana. Karani alikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye “namna za kutafuta”. Karatasi kama hizo nikiziona mahali popote nazipiga picha. Kila moja ni orodha ya kazi ambazo idara mbili zimeshindwa kukubaliana, na mtu wa dirishani anazibeba.

Sasa wenye mali wanataka tuachane na programu zote hizi, tununue moja kubwa ya kila kitu kutoka ng’ambo. Si wazo baya. Muuzaji amekuja na maonyesho mazuri ya rangi, na nilimuuliza maswali yangu: majina matatu, saa ya kila kituo, kufanya kazi bila mtandao, na fedha mbili. La majina na la saa alijibu vizuri, yamo tayari. La mtandao aliahidi kuleta mtu wa kulieleza. La fedha mbili ndilo lililotukwamisha. Mikataba yetu inahesabiwa kwa dola, mishahara inalipwa kwa faranga, na programu yake inashika kiwango kimoja cha kubadilishia kwa mwezi mzima. Akasema inaweza kurekebishwa, tumwambie tu kiwango cha siku gani. Uhasibu wakasema cha siku ya kukokotoa, kwa sababu ndiyo siku wanayofunga vitabu. Utumishi wakasema cha siku ya kulipa, kwa sababu faranga ikishuka katikati ni mfanyakazi anayeumia, na chama cha wafanyakazi kitakuja kwao, si kwa uhasibu. Muuzaji akanitazama mimi. Nikamwambia asubiri. Nimewapa wakurugenzi wawili hao ukurasa mmoja mtupu kwenye daftari la maamuzi, wenye nafasi ya jina moja chini, na mpaka ujazwe hakuna mhandisi wangu atakayeandika hata mstari mmoja.